Mpeni foramani penseli kabla hamjanunua softwea

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wa barua niseme kitu kuhusu haya mambo ya kaizen, yaani ile njia ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, yenye yameingia viwanda vya Nairobi, na hasa ile ramani ya mtiririko wa thamani, VSM kwa kifupi cha Kiingereza (value stream mapping), juu naona tunaiharibu kwa kuikimbiza kwa laptopu kabla hata haijagusa karatasi. Mi ni supavaiza wa zamu kwa kiwanda kimoja huku Industrial Area, sina kampuni ya ushauri, siuzi softwea, na penseli pia siuzi.

Kwa wale hawajawahi kuiona, huo ni mchoro wa safari nzima ya bidhaa tangu malighafi ishushwe pale geti hadi katoni ipakiwe kwa lori iende kwa mteja. Kila hatua ya kazi ina boksi lake, na chini ya boksi unaandika kitu kimoja kinachukua sekunde ngapi, mashini ikitolewa bidhaa hii kuwekwa ile inakula dakika ngapi, hapo kuna watu wangapi, na hiyo mashini huwa nzima asilimia ngapi ya wakati. Kati ya boksi na boksi unaweka pembetatu, hiyo ni mali imelala tu ikingoja. Upande wa juu unachora vile habari inatembea, oda imetoka kwa mteja ikaingia ofisi gani, ikapewa nani, ikafika vipi kwa mtu wa mashini. Alafu chini kabisa kuna mstari wa ngazi, unapanda unashuka, na hapo ndipo aibu yote ya kiwanda huonekana, juu vile siku za kungoja zinaandikwa kando na sekunde za kazi yenyewe.

Na usidhani ni aibu ndogo. Mike Rother na John Shook, hao ndio walifanya huu mchoro ujulikane nje ya Toyota mwishoni mwa miaka ya 1990, walitumia kiwanda cha mfano kufundishia, na kwa hicho kiwanda kipande cha chuma kilikuwa kinakaa ndani zaidi ya siku 23 ilhali kazi ya kweli juu yake ni sekunde 188. Dakika tatu na kitu! Zingine zote ni kulala.

Huku kwetu hesabu ni ile ile. Tuseme shifti ni masaa 8, toa nusu saa ya lanchi na chai mbili za dakika kumi kumi, unabaki na dakika 430, ambazo ni sekunde 25,800. Kama wateja wanataka katoni 860 kwa siku basi kila baada ya sekunde 30 lazima katoni moja itoke, hiyo ndio takti. Sasa tembea hadi kati ya mashini ya kujaza na meza za pakingi uhesabu chupa zimesimama hapo kwa kreti, ukipata za kutosha katoni 4,300 ujue hizo ni siku 5 nzima za mteja zimelala sakafuni, ni kugawa tu 4,300 kwa 860, hata kalkuleta ya simu ya kabambe inamaliza hiyo kazi. Watu wakisikia kaizen wanafikiria ni hesabu za chuo kikuu, kumbe ngumu yake si hesabu, ngumu ni kutembea ukahesabu kreti wewe mwenyewe bila kuuliza ofisi.

Sasa hapo ndipo shida yangu inaanzia. Vile naona mambo yakifanywa siku hizi, mshauri anakuja na laptopu, anafungiwa kwa boardrumu na meneja wa uzalishaji, mtu wa fedha na kijana wa IT, projekta inawashwa, softwea iko na maboksi tayari tayari, wanajaza namba kutoka kwa sistemu, jioni ramani imetoka ya rangi nne na mishale imenyooka kama barabara mpya ya lami. Inapigwa printi kubwa, inawekwa fremu, inabandikwa pale risepsheni wageni waione. Foramani wa kujaza anaiona siku amepitia hapo kuchukua barua ya likizo. Anaitazama, anacheka kidogo, anaenda zake, na huko ndani kreti bado ziko pale pale.

Rother na Shook wenyewe walisema wazi hii kitu ichorwe kwa mkono, na ichorwe na penseli, hapo hapo kazi inafanyiwa, na ukirudi kuisafisha uisafishe tena na penseli, usikubali kishawishi cha kompyuta. Walisema pia ubebe stopwochi yako usitegemee muda wenye umeandikwa kwa mafaili, na uanze kutembea kutoka mwisho, pale mali inatokea kwa mteja, urudi nyuma kwenda stoo ya malighafi. Hiyo ya kuanzia mwisho wengi hawaipendi lakini ina maana sana, ukianza kwa mteja unauliza kila mtu “wewe unangoja nini kutoka kwa nani”, ukianza kwa stoo unajipata unauliza “mali ikitoka hapa mnaisukuma wapi”, na hayo maswali mawili hayatoi ramani moja.

Watu wa Toyota hawakuwa washamba wa kukosa kompyuta. Taiichi Ohno, yule mzee alijenga huo mfumo wao, anajulikana kwa kumchorea injinia duara la chaki sakafuni na kumwambia asimame ndani aangalie kazi hadi aone, masaa na masaa. Na kwa Toyota tatizo lote na suluhisho lake huandikwa kwa karatasi moja ya A3, milimita 297 kwa 420, hiyo hiyo unapata hapa tauni kwa duka la vitabu. Ukubwa wake unakulazimisha uamue kipi kina maana. Kwa skrini unaongeza tu, unavuta pembeni, unaongeza ukurasa mwingine, hadi mtu anakuwa na ramani hawezi kuisoma bila kuivutavuta na mausi.

Lakini wacha niseme kile mi nimeona kwa macho, juu hayo ya Japani unaweza kusema ni ya Japani.

Tulikuwa tumebandika manila ukutani karibu na meza za pakingi, tukaigawa kwa mistari, foramani mmoja akachora maboksi kulingana na vile yeye anajua, kujaza, kufunika, lebo, pakingi, paleti, stoo. Nzuri tu. Ikaachwa hapo wakati wa chai ya saa nne. Mama mmoja wa pakingi, wa siku nyingi, hata mameneja wengi amewapata wakiingia akawaona wakitoka, akasimama na kikombe chake akaangalia, akauliza, “Na sisi wa huku nyuma mmetuweka wapi?” Tukamuuliza huku nyuma wapi. Akaenda nyuma ya rafu za stoo akatuonyesha vibarua wamekaa kwa ndoo, kazi yao kutoka asubuhi ni kubandua lebo zimekaa vibaya, kupangusa chupa na kubandika upya kwa mkono. Mi nilikuwa nawaona kila siku, na nilidhani ni watu wa usafi. Kwa sistemu hizo chupa zilikuwa tayari zimeshahesabiwa ni mali imeisha, ati ziko stoo zinangoja lori. Yule mama hakungoja ruhusa, alichukua penseli akafuta mshale, akachora boksi lake limepinda pinda, ndani akaandika LEBO TENA, na pembetatu mbili, ya kuingia na ya kutoka.

Hapo sasa mabishano yakaanza! Mtu wa mashini ya lebo akakasirika, akasema lebo zake ziko sawa, shida ni chupa zinakuja na maji. Wa kujaza akasema chupa zake ni kavu, waende waguse. Wakaenda wakagusa. Walikuwa wanabishana mbele ya karatasi, kila mtu anaelekeza kidole, mwingine anaandika, mwingine anafuta, hadi ikatoka kwamba lebo mbaya karibu zote ni za asubuhi, na sababu ni kwamba gundi ya ile mashini inafaa iwe imepata moto vizuri, lakini hita ilikuwa inawashwa wakati ule ule shifti inaingia, kwa hivyo hiyo gundi ya kwanza kwanza ni baridi na haishiki. Dawa yake? Fundi wa stima wa usiku aiwashe kabla hajatoka. Hakuna mashini mpya ilinunuliwa. Vibarua wa ndoo wakapelekwa kupanga paleti, kazi yenye ilikuwa inakosa watu kila jioni.

Niambie kwa softwea huyo mama angeingilia wapi. Laptopu ina mausi moja na mwenye mausi ni mmoja. Wewe ukitaka kubadilisha kitu lazima umwombe, “samahani bosi, hapo si hivo”, na mfanyakazi wa mkataba wa miezi mitatu hawezi kumwambia injinia mbele ya meneja si hivo. Lakini karatasi iko ukutani, penseli iko hapo, raba iko hapo, na hata mwandiko wa wa kwanza ni mbaya kwa hivyo hakuna mtu anaogopa kuweka wake. Hicho ndicho kitu mi nataka wenye viwanda waelewe, si eti tunapenda mambo ya zamani. Mchoro wa kompyuta ukishatoka unakaa umeisha. Umenyooka, una nembo ya kampuni, una tarehe, mtu wa kawaida akiuona anajua ameambiwa. Mchoro wa penseli unakaa bado unauliza, mtu anapita anaujibu.

Kitu kingine ni hizo laini za habari za juu, hapo kompyuta hudanganya sana bila hata kukusudia. Kwa hizi ramani habari ya elektroniki huchorwa na mshale uko na kona kama radi, ile ya mkono ama mdomo ni mshale mwembamba umenyooka. Sasa ukiuliza sistemu itakuchorea radi safi, mteja kwenda seli (watu wa mauzo), seli kwenda planingi, planingi kwenda uzalishaji, wacha tu. Simama na foramani masaa mawili uone kile kinaendelea. Seli anapiga simu kutoka Eastleigh, “boss niwekee zile kubwa mteja amesimama hapa”, dakika kidogo kuna ujumbe kwa grupu ya WhatsApp kutoka kwa depo, alafu meneja anapita anasema hizo za supamaketi ziende kwanza, na foramani anavua mashini bidhaa moja anavalisha ingine, dakika arobaini zimeenda, na jioni anaulizwa mbona hajafikisha lengo. Hizo simu haziko kwa sistemu yoyote. Kuna alama nzuri sana kwa VSM, alama ya miwani, maana yake ni mtu anaenda kuangalia na macho mali imebaki ngapi ndio ajue atengeneze nini. Viwanda vyetu vina miwani kila mahali, na sijawahi kuona hata moja kwa zile za fremu za risepsheni.

Na namba pia. Sistemu inakwambia kufunga katoni ni sekunde fulani, hiyo namba iliwekwa na mtu wakati sistemu inafungwa, labda kwa bidhaa yenye hata haitengenezwi tena, na haijaguswa tangu hapo. Ukisimama na stopwochi unapata ingine kabisa, na si ati watu ni wavivu, ni kwamba kila katoni ya nne ama ya tano teipu inakatika mtu anainama kutafuta mwisho wake na kucha. Hiyo ya kucha hakuna softwea itakuletea.

Sasa nisikie watu wa IT wakisema huyu anapigana na maendeleo. Hapana. Kompyuta ina mahali pake na ni pakubwa. Kama kampuni iko na kiwanda hapa, depo Mombasa na ingine Kisumu, hamwezi wote kusimama mbele ya manila moja, lazima kitu cha kushea, na wakati wa korona 2020 wengi walijifunza kutumia zile bao za Miro, za kuchorea pamoja mtandaoni, juu hakukuwa na njia ingine. Kama mnataka kujua mkipunguza mali ya katikati na oda zikipanda kidogo itakuwaje, kompyuta itawafanyia hesabu upya mara moja bila kufuta na raba hadi karatasi itoboke. Oditi ikija inataka rekodi iko na tarehe na imehifadhiwa vizuri. Na kusema ukweli kuna miandiko mingine, hata mwenyewe wiki ikipita hawezi kusoma alichoandika.

Tena kuna kazi zenyewe zinaishi ndani ya kompyuta. Mkopo wa benki, klemu ya bima, ombi la leseni ya mtandaoni, hapo utasimama wapi na stopwochi? Hizo kila hatua inaacha alama ya saa kwa sistemu, na kuna njia ya kuzivuta hizo alama zikachora zenyewe vile kazi ilipita kweli, Wil van der Aalst wa Uholanzi ndiye anajulikana sana kwa utafiti wa hayo mambo. Hapo nakubali mashini inaona kuliko jicho, inaona faili moja imerudishwa mara ngapi, jambo karani hawezi kukumbuka. Lakini hata hapo mi ningekaa kando ya karani kwanza. Nina uhakika atakuonyesha Excel yake ya siri, ama daftari ya kava ngumu, yenye ndio inaendesha kazi, sistemu inajazwa jioni ili ifanane.

Pia sitaki watu wa penseli wajidanganye. Nimeona timu imechora kwa mkono, stika za rangi zote, manila, maka pen, lakini wako kwa hoteli Westlands na hakuna hata mmoja amekanyaga sakafu ya kiwanda siku hiyo. Hiyo ni boardrumu tu na karatasi, afadhali wangebaki na laptopu wapunguze takataka. Karatasi bila miguu haina faida. Kupanga viwanda kutoka hotelini ni kama kumpima mtoto joto kwa simu.

Na kuna hii tabia ya kusimama kwa ramani ya kwanza. Kwani ramani ni mbili, ya vile mambo yako na ya vile tunataka yawe, na ya pili ndio sababu ya kuchora ya kwanza. Unaweka zile alama za mlipuko mahali lazima pabadilike, unaandika nani na lini. Kwa softwea nimeona ya kwanza inasafishwa wiki baada ya wiki, injinia mzima anasogeza mishale ilingane, anatafuta aikoni ya lori yenye inafanana na lori yetu, hadi pesa za mradi zinaisha na ya pili haijaguswa. Kwa penseli huna cha kusafisha, ikiwa chafu sana unachora upya, na ukichora upya ndio unagundua ulikuwa umeruka kitu.

Kuhusu pesa sitasema sana. Penseli, raba na manila ni pesa ya chai. Softwea nyingi za aina hii zinalipishwa kwa kila mtu na kwa mwezi, na bili inakuja kwa dola, kwa hivyo kampuni inanunua leseni kidogo na unajua zitaenda kwa nani, haziendi pakingi. Kwa hivyo hata kabla ya kazi kuanza tumeshaamua nani ana haki ya kuchora.

Hii inaumiza zaidi wadogo. Pale Kamukunji mafundi wa jua kali wanatengeneza jiko, masanduku, karai, na kule Kariobangi Light Industries kuna watu wanakata na kuchomelea vyuma kwa vyumba vidogo, na mali imelala kati ya fundi na fundi vile vile tu, mmoja anangoja mwingine amalize kukunja ndio apige rangi. Hao wanaweza kuchora hii ramani na chaki kwa bati kabla ya saa sita na mchana wakaanza kuhama vitu. Lakini wakiambiwa kaizen ni programu ya kompyuta na cheti cha hoteli, watasema hiyo ni ya makampuni, na nani atawalaumu? Wakati wa TICAD, ule mkutano wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, hapa Nairobi 2016 kaizen ilizungumzwa sana, na majirani zetu Ethiopia walishafungua taasisi nzima ya kaizen tangu 2011. Sisi tusiishie kwa kununua fremu.

Kwa hivyo ombi langu kwa wenye viwanda na hao washauri wao ni la kawaida sana. Tembeeni kwanza, kutoka kwa lori kurudi nyuma, na mtembee na watu wa shifti, wa usiku pia, juu usiku kuna kiwanda kingine kabisa na meneja hakijui. Chora na penseli hapo hapo. Acha karatasi ukutani siku kadhaa watu wabishane nayo, wa kibarua na wa mkataba wote. Ikitulia piga picha na simu, alafu sasa huyo kijana wa IT aiweke kwa kompyuta vile iko, na boksi la mama la kupinda liwe ndani, asilitoe ati halimo kwa templeti. Hapo softwea itakuwa imepewa kazi inayoiweza, kuhifadhi na kupiga hesabu, na kutuma Mombasa.

Na walimu wa vyuo vya ufundi, nyinyi ambao mnatoa vijana wetu, tafadhali msiwapatie maksi kwa usafi wa slaidi. Tunaletewa vijana wa atachment wanajua kuchora ramani nzuri kwa kompyuta lakini ukiwaambia nenda uhesabu kreti wanauliza data iko kwa faili gani. Mmoja nilimtuma akarudi baada ya muda mrefu hivi, viatu vimekuwa vyeupe kwa vumbi, namba kwa kiganja juu hakuwa amebeba karatasi, na ile namba ilikuwa tofauti na ya sistemu kwa mbali sana. Huyo nilimwambia abaki, tukaanza nayo kazi.

Jambo la mwisho ni dogo lakini nimeona likiua hii kitu mara nyingi. Hiyo karatasi isipelekwe ofisi ya HR ikakunjwa kwa kabati, na isihamishiwe risepsheni. Ikae pale pakingi mahali watu wanapita wakienda chai, na penseli ifungwe na kamba kwa msumari kando yake, juu penseli za kiwanda zinapotea kuliko bolti, na siku isipokuwepo watu wataanza kusubiri mwenye laptopu.

Supavaiza wa zamu,
Embakasi, Nairobi